Presha ipo kwenye geji lakini metali zinaungua: jinsi ya kutafuta na kubadili njia za oili zilizooza kwenye injini za zamani

Wakuu, hii ni kwa wale wenye injini ya zamani juu ya meza, au iliyolala miaka ndani ya gari na sasa mnataka kuifungua na kuijenga upya. Kuna kitu kimoja nilikijua baada ya kuharibu krenki nzima, nakiweka hapa mwanzo kabisa: geji ya presha inapima sehemu moja tu, pale ilipochomekwa. Haijui chochote kuhusu metali (bearing, kile kikalio ambacho krenki inazungukia) ya mwisho kule nyuma.

Injini yenyewe ilikuwa silinda nne, krenkikesi ya alumini, mabomba ya oili ya chuma yamepita ndani kwa ndani, na mimi niliyaangalia yale mabomba kwa nje nikaona yako safi, nikayapuliza na kompresa, upepo ukatoka upande wa pili, nikaridhika nikafunga. Geji ikawa inasoma psi 40 kila siku. Metali ya tatu ikaungua mpaka ikakwaruza krenki, na nilipolikata lile bomba na msumeno nikakuta kwenye kona limejaa kutu ngumu kama jiwe, tundu lililobaki halizidi unene wa kijiti cha kiberiti. Upepo unapita hapo bila shida yoyote. Oili haipiti, au inapita ya kulowesha tu. Kwahiyo kupuliza upepo sio kipimo, naomba hilo likae kichwani kwenye kila nitakachosema huko chini.

Kwanza ujue oili yako inatembeaje

Usianze kutafuta ugonjwa kabla hujachora kwenye karatasi njia yote ya oili, kutoka kwenye chujio la sampu (beseni la oili chini ya injini) mpaka tone la mwisho, maana injini za zamani hazifanani kabisa. Ford Model T ya 1908 mpaka 1927 haina pampu ya oili, flaiwili ndo inarusha oili juu, kiasi kinadakwa na faneli ya bomba moja jembamba ambalo linaipeleka mbele kwa mteremko tu, na hilo bomba likizibwa na nyuzi za vitambaa vya bendi za gia basi huko mbele ndo kwa kwanza kupata shida. Model A iliyofuata ina pampu lakini pampu inapandisha oili kwenye chumba cha vali, toka hapo inashuka yenyewe kwenda metali za krenki, na konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki) zina vijiko vya kuchotea. Austin Seven ya Uingereza ina jeti zinazorusha oili iingie kwenye matundu ya krenki huku krenki inazunguka, jeti ikiziba nusu tu basi konrodi zake zinakula hasara. Afu ndo kuna hizi za presha kamili, ambazo pampu inasukuma oili kwenye njia kuu, inagawanyika kwenda metali za krenki, inapita ndani ya krenki kwenda konrodi, na matawi mengine yanaenda kamshafti na roka (vile vidole vya juu vinavyosukuma vali).

Hii ina maana kubwa kwenye vipimo. Ile kanuni ya psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika ni ya injini za presha kamili, usije ukaipeleka kwenye injini ya kurushia oili ukaanza kulaumu pampu bure.

Kwanini zinaoza

Lita moja ya petroli ikiungua inatoa karibu lita moja ya maji, yanatoka kama mvuke kwenye ekzosi, lakini kiasi kinapenya kwenye ringi kinashuka kwenye sampu. Injini inayotembea mbali inapata moto na maji yanakauka, ila injini inayowashwa dakika tano inazimwa, inawashwa tena wiki ijayo dakika tano, hiyo inakusanya maji pamoja na asidi za mwako, na vyote vinaenda kulala sehemu za chini kabisa za mabomba. Injini ikikaa hivyo miaka 20 usitegemee miujiza.

Kwenye krenkikesi ya alumini kuna ugonjwa wa ziada. Alumini ikigusana na chuma au shaba afu pakawa na unyevu, alumini ndo inayoliwa, inatoa unga mweupe, na ule unga unachukua nafasi kubwa kuliko alumini yenyewe ilivyokuwa kwahiyo unalibana bomba kutoka nje, unaziba matundu ya pembeni, na bomba linakwama kama limechomelewa.

Rangi ya uchafu inakupa habari nyingi kabla hujakata kitu. Unga mweupe ni alumini inaliwa. Kijani ni shaba. Kahawia na wekundu ni chuma. Weusi unaong'aa kama lami ni oili iliyozeeka, huo ni wa kusafisha tu sio wa kuogopa. Watu wengi wanapitisha sumaku kwenye uchafu wa sampu wakiona haikushika wanasema hamna kutu, lakini kutu nyekundu sumaku haiishiki vizuri, kwahiyo sumaku tumia kutafuta vipande vya chuma kizima, kutu itafute kwa macho na kwa kuisugua kati ya vidole.

Dalili: geji nzuri, lakini metali moja au mbili zinaungua na nyingine zinang'aa

Hii ndo ya hatari kuliko zote kwasababu haikuonyi. Geji mara nyingi imechomekwa karibu na pampu, yani kabla ya sehemu iliyoziba, na kizuizi kikiwa mbele presha huku nyuma haishuki, tena inaweza ikapanda kidogo. Ukiona psi nzuri kuliko zamani kwenye injini iliyochoka, usifurahi.

Fungua sampu, toa kepu za metali zote, zipange kwa mpangilio wake, angalia ipi ina rangi ya bluu au imepakwa babiti (madini laini ya uso wa metali) iliyoyeyuka. Kama ni moja peke yake na jirani zake ni wazima, tatizo liko kwenye tawi linaloenda hapo. Kama zimeharibika kuanzia moja hadi ya mwisho kwa kufuatana, kizuizi kiko kwenye njia kuu kabla ya ile ya kwanza iliyoharibika. Kama metali za krenki ni nzima ila konrodi ndo zimeungua, angalia ndani ya krenki, kuna krenki zina vyumba vya kukusanya uchafu kwenye pini (pikipiki nyingi za zamani za Uingereza, Triumph na BSA kwa mfano, zina kimrija humo ndani kazi yake ni hiyo) na kikijaa oili haifiki konrodi hata kama mabomba ni mapya.

Kabla ya kulaumu kutu hakikisha mambo matatu ambayo ni makosa ya kufunga: tundu la metali limekaa sawa na tundu la bloku, plagi ya mwisho wa njia haijaingizwa ndani sana ikaziba tawi la pembeni, na gamu ya kuzibia gasketi haijaminywa ikaingia kwenye njia. Haya nimeyakuta kwenye injini ambazo watu walishaagiza mabomba mapya.

Sasa jinsi ya kupima bomba lenyewe. Tafuta gololi ya chuma ndogo kidogo kuliko tundu la bomba, iangushie ndani, liinamishe bomba, ligonge taratibu. Ikitoka upande wa pili bomba limebaki na nafasi yake. Kwenye njia zilizotobolewa ndani ya bloku tumia mkia wa drili wa saizi inayojulikana kama njia imenyooka, na kwenye kona tumia waya wa breki ya baiskeli uliochambuliwa ncha, unausukuma na kuuzungusha, ukirudi na chembe ngumu za kahawia jua kazi ipo. Kama una kamera ndogo ya kuingiza ndani itumie, ila kamera inaonyesha sura haionyeshi saizi, gololi ndo haidanganyi.

Na usidharau upungufu mdogo wa tundu. Oili inayotembea taratibu kwenye bomba inafuata kipenyo kwa kipeo cha nne (kipenyo × kipenyo × kipenyo × kipenyo), yani bomba la milimita 8 likibaki 7, kwa presha ileile linapitisha kama asilimia 59 tu ya mwanzo, na likibaki 6 linapitisha chini ya theluthi moja. Milimita moja ya kutu kila upande imekunyang'anya theluthi mbili za oili. Ndo maana mimi siku hizi bomba la chuma lililopata kutu ndani silisafishi nikalirudisha, nalibadilisha, na nikibadilisha moja nabadilisha yote kwasababu yameishi maisha yaleyale.

Dalili: presha inashuka sana injini ikipata moto na ikiwa sailensi (inaunguruma taratibu bila kukanyagwa mafuta)

Cha kwanza watu wanakimbilia ni kuweka washa nyuma ya springi ya vali ya presha. Hiyo vali kazi yake ni kuzuia presha isizidi, sasa injini ikiwa moto na iko sailensi vali imeshafunga kitambo, kwahiyo ukiikaza springi huko chini hakuna kinachobadilika, unachofanya ni kupandisha presha ya asubuhi injini ikiwa baridi, na hapo ndo bomba la zamani linapasuka.

Presha ya chini ikiwa moto maana yake oili inatoka kirahisi kuliko pampu inavyoweza kuleta. Sababu ya kawaida ni metali zilizolegea (nafasi ya kawaida ni kama milimita 0.05 kwa shafti ya milimita 50) na pampu iliyochoka, gia zake zikiwa na nafasi inayozidi milimita 0.1 kwenye mfuniko anza kuitilia shaka. Lakini kama hivyo vyote vimepimwa vikakutwa salama, basi kuna uvujaji ndani kwa ndani, ambao hauoni tone hata moja nje, kwasababu unavujia kwenye sampu. Bomba la shaba lililopasuka pale linapoingia kwenye nati, kiungo kilicholehemiwa kikaachia, njia ya bloku iliyoliwa mpaka ikatoboka, au plagi iliyosahaulika nyuma ya mfuniko wa cheni ya taimingi. Hii ya plagi itafute mapema kama injini ilishafunguliwa na mtu mwingine kabla yako.

Dalili: sindano ya geji inatetemeka, oili ina povu, ukiongeza oili inapungua kutetemeka

Pampu inavuta hewa. Bomba la kuvutia, lile linaloshuka kwenye chujio, likiwa na kitundu cha kutu hata cha sindano juu ya usawa wa oili linavuta hewa wakati wote na halidondoshi tone lolote, kwahiyo kwa macho ni zima. Litoe, ziba upande mmoja, lizamishe kwenye maji, puliza, angalia mapovu, hasa kwenye mshono wa chujio na kwenye flenji. Bomba hilihili ndo linasababisha presha ichelewe kupanda asubuhi, maana oili inarudi chini usiku kucha hewa ikiingia juu.

Dalili: presha ilikuwa nzuri, ghafla ikaanguka karibu na sifuri, afu pengine ikarudi

Gamba la kutu limekaa kwenye vali ya presha ikashindwa kufunga. Zima injini hapohapo. Kusafisha vali ni kazi ya dakika kumi lakini swali la msingi ni lile gamba limetoka wapi, na mengine yameelekea wapi. Hii inatokea sana mtu akimwaga oili ya kisasa yenye sabuni kwenye injini iliyolala na uchafu wa miaka, sabuni inaung'oa uchafu wote kwa pamoja.

Dalili: maji kwenye oili, au oili kwenye maji ya rejeta

Ute wa njano mwepesi chini ya kifuniko cha kujazia oili peke yake unaweza kuwa ni unyevu wa safari fupi. Ute kwenye dipstiki yote ni habari nyingine. Dondosha tone la oili kwenye bati lililopashwa moto vizuri, likitatarika kuna maji.

Watu wanarukia gasketi ya hedi, na mara nyingi wako sahihi, ila kuna bloku ambazo njia ya oili imepita jirani na chumba cha maji na ukuta wa katikati umeliwa na kutu kutoka upande wa maji. Dalili yake iko hivi: injini ikiwa inaunguruma presha ya oili ni kubwa kuliko ya maji kwahiyo oili inaingia kwenye rejeta, ukizima presha ya oili inakufa lakini maji ya moto bado yanasukuma, yanaingia kwenye oili. Ukiona vyote viwili kwenye injini moja, na gasketi ni mpya, nenda kapime bloku. Ziba matundu yote ya njia ya oili, jaza maji kwenye vyumba vya maji mpaka juu, ingiza upepo wa bar 2 au 3 kwenye njia ya oili, tazama mapovu yanapanda wapi. Usikae mbele ya plagi ulizozibia, ikiruka inaumiza.

Roka kukavu

Hii nitaipita haraka. Tawi la juu kwa kawaida ni jembamba na lina kizuizi cha makusudi, kwahiyo linaziba mapema. Safisha roka shafti ndani, toa plagi zake za ncha mbili, na hakikisha gasketi ya hedi haijageuzwa ikaziba tundu. Usipanue kile kizuizi eti oili iende nyingi juu, utainyima chini.

Kuyatoa mabomba yaliyooza

Plagi kwanza. Za kukaza kwa nyuzi zipashe moto na tochi ya gesi, gusisha mshumaa kwenye nyuzi wakati pana joto, nta inanyonywa ndani, acha ipoe kidogo afu jaribu. Za kupachikwa kwa kugonga toboa katikati tundu dogo, ingiza skrubu, vuta. Fanya hivi kwa plagi zote bila kubakiza hata moja, njia ambayo hujaifungua ncha zake zote mbili huwezi kusema umeisafisha.

Mabomba ya kufungwa na nati yanatoka bila maneno mengi. Shida ni yale ya chuma yaliyomiminiwa alumini juu yake kiwandani, hayo hayatoki, lazima yatobolewe. Drili ndefu ikishaanza kupinda inakimbilia kwenye alumini kwasababu ni laini, na ikishakimbia hairudi. Kwahiyo tengeneza bushi ya kuongozea drili ikae imefungwa kwenye uso wa krenkikesi, anza na drili ndogo inayofuata tundu lililopo, ongeza nusu milimita nusu milimita, toboa kutoka pande mbili mkutane katikati, kila sentimita mbili toa drili ondoa machicha. Kama hujawahi kufanya hivi mpelekee mkereza vyuma mwenye mashine ya kutoboa iliyonyooka, sio aibu, krenkikesi haipatikani nyingine.

Kikibaki kipande cha chuma kwenye alumini ambapo drili haifiki kuna njia ya shabu, ile ya kusafishia maji. Shabu nyingi kwenye maji ya moto inakula chuma polepole na alumini karibu haiigusi, mafundi saa wanaitumia kutoa skrubu zilizokatikia kwenye shaba. Inachukua saa nyingi au siku, maji yawe ya moto muda wote, na kila kitu cha chuma unachotaka kibaki, stadi, bushi, kitolewe kwanza maana haichagui. Usijaribu kostiki soda kwenye alumini hata kidogo, inafanya kinyume chake, inaila alumini inaacha chuma.

Bloku ya chuma cha kutupwa yenye kutu ya wastani unaweza kuzungusha asidi ya sitriki ya moto vuguvugu ndani ya njia, baada ya kutoa metali zote, suuza na maji yenye magadi soda, suuza tena, kausha kwa upepo, mwaga oili palepale. Chuma kitupu kilicholowa kinaanza kutu ndani ya dakika chache, nimeona kwa macho yangu.

Bomba jipya la aina gani

Shaba nyekundu inapindika vizuri, haioti kutu, na ndo ilikuwa ya asili kwenye injini nyingi, tatizo lake inakuwa ngumu kwa mtetemo afu inapasuka. Ukishaipinda ipashe moto mpaka iwe nyekundu iliyofifia, iache ipoe, inarudi kuwa laini. Bomba la shaba na nikeli la breki ni imara zaidi kwa mtetemo na mimi ndo ninalolipenda pale saizi inapopatikana. Chuma kisicho na mshono ni kizuri kwa presha ila ndo kilekile kilichotuleta hapa, ukikitumia hakikisha injini inatembezwa.

Tundu la ndani liwe lilelile la asili au kubwa kidogo, pima ndani usipime nje, maana kuta zinatofautiana. Viungo vilehemiwe kwa lehemu ya fedha. Lehemu laini ya risasi na bati inayeyuka kwenye nyuzi 183 hivi na inalegea kabla ya hapo, ndani ya injini yenye joto na mtetemo haina kazi. Ukimaliza osha fluksi yote kwa maji ya moto, ikibaki ndani inaanzisha kutu upya kwenye bomba lako jipya. Midomo ya kupanuliwa iko ya nyuzi 45 na ya nyuzi 37, usichanganye, itakaza vizuri siku ya kwanza afu ivuje.

Likishakuwa tayari lizibe upande mmoja, bar 3 au 4 za upepo, lizamishe kwenye maji. Lifunge kwenye krenkikesi na klipu zake zote, bomba refu lisiloshikwa linapasuka kwenye nati. Bandika udongo wa kuchezea sehemu zilizo karibu na konrodi, zungusha krenki mizunguko miwili mizima, angalia udongo umebaki unene gani.

Kuvalisha njia mkono mpya

Njia ya bloku iliyotoboka kwenda kwenye maji, au tundu lililobaki baada ya kutoboa bomba la ndani ya alumini, linavalishwa bomba jipya. Tuseme njia ilikuwa milimita 10, unaipanua kwa rima iwe 12, unaingiza bomba la nje 12 ndani 10 kwa gamu ya kushikia vitu vya mviringo vilivyopachikwa (retaining compound) inayovumilia nyuzi 150. Kwenye chuma cha kutupwa tumia chuma, vinapanuka karibu sawa. Kwenye alumini mimi nasema tumia bomba la alumini, kwasababu mbili: hakuna tena metali mbili za kulana, na joto halivitenganishi. Alumini inapanuka karibu mara mbili ya chuma, bomba la chuma la milimita 12 ndani ya alumini likipanda nyuzi 80 linalegea kama sehemu ya mia moja ya milimita, na huo ni mwanya unaotosha kuvujisha.

Kabla ya kuweka gamu weka alama kwa nje kila tawi liko umbali gani kutoka ukingoni. Bomba likishakauka unatoboa matawi upya kupitia matundu ya zamani, na lazima yote yafunguke kamili. Nilishaona injini imefungwa na tawi moja halijatobolewa, bomba jipya zuri limeziba njia kabisa.

Machicha ya kutoboa ni adui mkubwa kuliko kutu uliyotoa. Brashi ndefu, maji ya moto na sabuni, brashi tena, upepo, oili, afu vuta kitambaa cheupe. Kikitoka na doa rudia.

Jaribio kabla ya kufunga sampu

Hapa ndo pa kutulia. Krenki imeshafungwa, sampu bado. Tafuta tanki dogo la presha, weka oili yenyewe utakayotumia, iwe ya vuguvugu, unganisha pale geji inapokaa, sukuma kwa bar 2 kama ni injini ya presha kamili. Tandaza karatasi nyeupe chini, chukua taa, lala chini uangalie.

Kila metali inatakiwa idondoshe matone ya haraka. Inayomwaga kama mfereji ina nafasi kubwa mno au bomba lake linavuja pembeni. Isiyodondosha kabisa ndo ile itakayoungua. Usiamue haraka kabla hujazungusha krenki taratibu kwa mkono mizunguko miwili kamili, kwasababu tundu la krenki linakutana na tundu la metali sehemu fulani tu ya mzunguko, na kuna kamshafti zinazopeleka oili juu kwa vipindi. Andika kwenye karatasi namba ya kila metali na ulichokiona. Roka nazo zisubiri mpaka zilowe, hata ikichukua dakika kadhaa.

Kama moja imekataa, fungua. Hata kama ni usiku na umechoka na gasketi zimeshapakwa gamu, fungua. Mimi ile metali ya tatu ningeiona hapa hapa kama ningelala chini na taa.

Zikishadondosha zote funga sampu, weka filta mpya kama injini yako ina filta, washa, isikilize dakika 20 hivi, zima, mwaga hiyo oili ingali ya moto na uichuje kwenye kitambaa cheupe. Chembe chache za kung'aa ni metali zinakaa sawa. Chembe za kahawia maana yake kuna plagi ambayo hukuitoa.